Kibodi Mbili za Katoni

Siku hizi watu wakibishana vijana wafundishwe nini ili wapate kazi, mimi huuliza kwanza: mashine inayowangoja ni ipi? Nina sababu.

Kambini Tanzania, ng'ambo ya ziwa tulikokimbilia kuikwepa vita, kompyuta ilikuwa moja na vijana tulikuwa umati. Mwalimu akatuchorea kibodi juu ya makatoni ya sabuni, kila mtu na yake. Tulijifunza kugonga herufi mikono ikiwa imefunikwa kitambaa. Ukichungulia, unaanza upya. Nikawa hodari, na majivuno nilikuwa nayo tele.

Vita ilipotulia kidogo tukarudi kwetu, mji wa Baraka. Shamba letu la Lubondja halikufikika, njia ilikuwa na wenye bunduki, hivyo tumaini la nyumba nzima likawa vidole vyangu. Ofisi moja ilitafuta karani wa kompyuta. Niliketi, jenereta ikinguruma nje, nikaandika jina la mji bila kuangalia chini. Mkuu wa ofisi akasoma kwenye kioo: Bqrqkq.

"Hii iko Kibembe ya wapi?" akaniuliza, akitaja lugha ya kwetu.

Masikio yaliniwaka kwa aibu, lakini udadisi ukanishinda. Nikainama kutazama. A imekaa mahali pa Q, M imehamia pembeni. Mkuu akasema mashine yake ni ya Kifaransa, mimi nilifundishwa ya Kiingereza. Nikauliza: herufi si ni zile zile, nani alizihamisha, na kwa nini? Mpaka leo sijampata anayejua. Nikaomba niichore, nirudi Jumatatu. Akacheka, akanipa kalamu.

Nilijifunzia jikoni, katoni mpya magotini, mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, kando yangu. Vidole vilikuwa vikaidi, kila mara vinakimbilia ng'ambo.

Jumatatu nilifumba macho kabisa. Mkuu akaniambia nifumbue, nikakataa, nikiangalia nitapotea. Baraka ikatoka Baraka. Kazi nikaipata.

Nyumbani, kwa furaha, nikachukua katoni ya kwanza, ile ya kambini, niwashie moto. Mama, asiyeijua A wala Q, akaninyang'anya.

"Usiichome, mutoto wangu. Vita ikirudia tutavuka tena, na kule batataka bidole ya kule."

Furaha ikanipungua. Nikamsaidia kuikunja, tukaifunga kwenye kitenge pamoja na chumvi na sufuria ndogo, katika kile kifurushi kilichokaa daima karibu na mlango.