Safari Tuliyomficha Bi Mwanahamisi

Siku niliyorudi peke yangu kutoka Mombasa, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Jana ulinionyesha kwenye simu ratiba yenu, wewe na mwenzako: Nairobi, Kampala, Kigali, mabasi ya bei nafuu, na malazi ya bure kwa watu msiowajua. Ulitaka nikusifu. Nilikurudishia simu yako, ukadhani mzee hajaelewa. Nilielewa sana.

Nami nilikuwa na rafiki, Shomari. Tulijifunza pamoja kuchonga milango hapa Bagamoyo, na mwaka mzima tulijibana ili tukaione milango ya Mombasa, Malindi na Lamu. Shomari alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanahamisi, tena mtu wa homa za mara kwa mara. Tulijua mama yake angekataa, au angetuamuru tufikie kwa mjomba wa Shomari kule Mombasa, ambaye alikuwa mkali. Basi tukasema tunakwenda Lugoba harusini. Tukaondoka bila kuaga kwa kweli na bila kuombewa dua ya safari. Uongo huo niliutunga mimi, sitaki kujificha.

Mombasa tulichukua chumba gesti. Kwenye daftari la wageni tukaandika majina ya uongo, mjomba asije akasikia tumefika. Shomari akajiita Salum, tukacheka sana. Siku ya pili homa ikampanda. Kumpeleka hospitali kungekula nauli ya Lamu, na mimi wakati ule nilikuwa na roho ngumu. Akaniambia nitangulie Malindi, nikirudi nitamkuta amepoa. Nikamnunulia vidonge, nikamwekea maji, nikaenda zangu. Hati zetu zote mbili za kusafiria zilikuwa mkobani mwangu.

Malindi nilikaa siku tatu. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliporudi, mwenye gesti alinieleza kwamba mwenzangu alizidiwa siku ileile niliyoondoka, akakimbizwa hospitali, na kesho yake akafariki. Waislamu wa msikiti wa jirani walimwosha, wakamkafini, wakamzika bila kuchelewa, kama dini inavyotaka. Mungu awalipe kheri. Mzee mmoja wa msikiti alinipeleka makaburini, akanionyesha matuta matatu mapya. Hakuwa na hakika lipi ni lake.

Bagamoyo nilimkuta Bi Mwanahamisi uani anapepeta mchele. Nikamwambia yote, hata ule uongo wa harusi. Hakulia. Aliniuliza tu walimwitaje kaburini wakati wa talkini. Unajua kwetu maiti anaposomewa huitwa kwa jina lake na la mama yake. Nikamjibu, kama yule mzee wa msikiti alivyonieleza, kwamba walimwita Salum, na kwa kuwa mama yake hakujulikana, wakamwita mwana wa Hawa, kama afanyiwavyo kila ambaye mama yake hajulikani.

Akauweka ungo chini.

«Mimi ni hai, Juma,» akasema. «Vipi mwanangu azikwe kama asiye na mama?»

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kwa adabu tu, bila kunitazama. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumwomba radhi. Aligeukia ukutani.

Sikukatazi kusafiri, mwanangu, na kutafuta unafuu si aibu. Lakini aga. Waambie wazazi mnapita miji gani na mtalala kwa nani, hata kama watagomba. Jina lako liandike lilivyo, na hati ya kila mtu ikae kwa mwenyewe. Mwenzako akiugua, safari imeishia hapo. Atakwambia nenda, kwa sababu mgonjwa huona haya kuwa mzigo. Usimsikilize. Kaa naye, mpeleke hospitali, hata nauli yote ikiishia huko.

Radhi yangu unayo. Mwenyezi Mungu awatangulie njiani, awape afya, awarudishe wote wawili. Ila leo hii, kabla hujafunga mkoba, nenda kwa mama wa huyo mwenzako, ukae naye, umtajie kila mji.