Pombe Yenye Macho

Siku Paskali alipowachinja kuku wa mkewe, jua lilikuwa bado kali na watu walikuwa wakipita njiani kutoka mashambani, majembe begani. Hakujificha. Ajifiche kwa nini? Kijiji chao cha Mgori kilikuwa kimeshamfundisha kwamba mtu akinuka pombe, lolote atakalolifanya hubebeshwa pombe, yeye mwenyewe akaenda zake kulala.

Mke huyo ni Febronia. Alizaliwa upande wa pili wa kijiji, kule msitu unakoanzia, kwa baba ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya kangara ya harusini. Kwa hiyo alipoolewa hakuwajua walevi. Aliambiwa walivyo, naye akaamini. Aliambiwa kwamba mlevi ni watu wawili ndani ya shati moja. Yupo yule wa asubuhi, mpole, anayechota maji na kumbembeleza mtoto, na yupo yule wa jioni, ambaye si yeye, ni pombe. Mke mwenye akili humvumilia wa jioni kwa ajili ya yule wa asubuhi.

Akavumilia. Wa jioni alimvunja jino. Wa asubuhi akachemsha maji ya chumvi, akampa asukutue, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Wa jioni alimsukuma kwenye mafiga akaungua mkono. Wa asubuhi akaenda kumtafutia asali mbichi ya kupaka kidonda. Kwa miaka mingi Febronia aliomba kanisani, macho kayafumba, kwamba mmoja wa wanaume hao wawili afe ili abaki na mwenzake.

Kila alipopeleka kesi kwa Mzee Alute, baba mdogo wa Paskali na mkubwa wa ukoo, jibu lilikuwa lile lile.

"Si yeye, mwanangu. Ni pombe. Kijana wetu mwenyewe hana shida."

Kuku walikuwa wa Febronia. Alianza na tetea mmoja aliyepewa na mama yake, akamwatamisha mayai, vifaranga wakaanguliwa, akawakuza, mpaka banda likajaa na wanunuzi wa mjini wakawa wanasimamisha pikipiki mlangoni kwake. Ada ya shule ya bintiye Janeth ilitoka kwenye banda lile. Sare na viatu pia.

Siku hiyo Paskali alirudi kutoka kilabuni akitaka tetea wawili wa kwenda kuchoma na wenzake.

"Hao wanataga, Baba Janeth," Febronia akamwambia. "Sitoi."

"Hutoi?"

"Sitoi."

Alimtazama mkewe, akacheka, akaondoka. Febronia akadhani yameisha. Akachukua ndoo, akaenda bombani.

Aliporudi, alianza kuona manyoya. Yalikuwa yameganda kwenye uzio, kwenye kinu, juu ya mkeka wa mtama uliokuwa ukianikwa. Kisha akawaona kuku wenyewe. Paskali hakuwachinja kwa ajili ya kula. Alikuwa amewakata kwa panga popote panga lilipoangukia, mwingine shingoni, mwingine mgongoni, na vifaranga amewakanyaga. Yeye alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta, mdomo wazi, nzi wanatembea juu ya damu ya mikononi mwake.

Febronia alisimama na ndoo kichwani. Hakulia. Alikuwa anatafuta pa kuitua ndoo asikanyage damu, na hapo ndipo jogoo alipowika.

Sauti ilitoka chini ya tenga, lile tenga kubwa la kubebea kuku. Lilikuwa limefunikwa chini, na juu yake limewekwa jiwe ili lisipinduke. Akaondoa jiwe, akainua tenga. Akatoka jogoo kishingo, asiye na manyoya shingoni, mkubwa mwekundu, akajikung'uta, akaanza kudonoa mtama kana kwamba hakuna lililotokea.

Jogoo huyo hakuwa wa Febronia. Alikuwa wa Mzee Yohana, mwenyekiti wa kitongoji, na kila siku alitoroka kwao kuja kufuata matetea. Kila mtu alimjua.

Febronia akaketi chini pale pale. Mtu huyu alikuwa hajitambui? Aliwakimbiza kuku, akawakamata mmoja mmoja, akamshika na jogoo huyu, akamtambua kuwa ni wa mwenyekiti, akatafuta tenga, akamfunika taratibu asimvunje hata unyoya, akatafuta na jiwe. Kisha akarudi kwenye kuku wa mkewe.

Basi hasira ikaja. Haikuwa ile ya siku zote, ya kununa na kusonya jikoni. Hii ilimpanda kutoka miguuni. Maana sasa mengine yote yalianza kujipanga. Redio yake Paskali, aliyoipenda, haikuwahi kuanguka hata siku moja, lakini vyungu vya mkewe vilivunjika kila mwezi. Akikutana na Mzee Alute njiani, hata akiwa amelewa vipi, alijikaza akasema "Shikamoo, baba mdogo" na kofia akavua. Hakuwahi kumpiga mama muuza pombe anayemfukuza na mwiko. Na Febronia alipopigwa, jino lile moja na mkono ule ulioungua kando, makovu yote yalikuwa mahali nguo inapofunika.

"Pombe gani hii," alisema kwa sauti, peke yake na mizoga, "pombe gani hii yenye macho?"

Kikao cha ukoo kilikaa kesho yake uani kwa Mzee Alute, karibu na zizi. Paskali aliletwa ameoga, amevaa shati safi, macho mekundu. Alipiga magoti kabla hajaulizwa.

"Wazee wangu, nisameheni. Sikumbuki kitu. Nimeambiwa tu nilichofanya."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja akasema pombe ya siku hizi si ya mtama tena, wanachanganya vitu visivyojulikana. Mwingine akasema mwanamke naye hajui kuongea na mume aliyelewa. Angempa tu hao wawili yakaisha. Mzee Yohana alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha plastiki kama mwenyekiti, na alikuwa anakubali kila kinachosemwa.

Febronia akainuka. Kwapani alikuwa amembana yule kishingo, amemfunga miguu kwa kamba.

"Shikamooni wazee. Nina swali moja. Huyu alipona vipi?"

Wakamtazama jogoo. Mzee Yohana akaitambua mali yake, akakohoa.

"Labda alijificha," akasema Mzee Alute.

"Alijifunika tenga mwenyewe, mzee? Na jiwe akaliweka juu akiwa chini?"

Mtu akacheka nyuma. Alikuwa Yeremia, jirani yao, mrina asali, mlevi ambaye hata saa hiyo ya asubuhi alikuwa ameegemea nguzo ya zizi ili asianguke. Huyu alikunywa kuliko Paskali, na miaka mingi zaidi. Shamba lake lilishakuwa pori, watoto walishamkatia tamaa. Alikuwa mzigo kwa mkewe, hilo hakuna aliyelibisha. Ila akilewa alilia, akaomba radhi kwa mbuzi aliowakanyaga mkia, akalala mtaroni. Mkono wake haukuwahi kuinuka juu ya mtu.

"Mimi niliona," Yeremia akasema. "Nilikuwa napita. Alimkamata yule jogoo, akamgeuza, akamtazama. Akasema, aa, huyu wa mwenyekiti. Akamweka kwenye tenga. Nikamwambia Paskali, kaka, acha kuku wa watu. Akaniambia, pita zako, mimi nimelewa."

Paskali, bado kapiga magoti, alikuwa anaitazama ardhi.

Mzee Alute akanyanyua fimbo. "Yeremia, kaa chini. Ushahidi wa mlevi si ushahidi. Mlevi hajui anachokiona."

Hapo Febronia alipiga kelele. Mwanamke hapigi kelele mbele ya wazee, na yeye alilelewa akalijua hilo, lakini alipiga.

"Mnasikia mnavyosema? Huyu akilewa hana hatia, kwa sababu amelewa. Huyu akilewa hana ushahidi, kwa sababu amelewa. Sasa nani alibaki na akili zake? Ni mimi tu! Mimi nisiyekunywa ndiyo nibebe vyote! Nivumilie mimi, niongee vizuri mimi, nijue cha kumjibu mimi! Yeye ameacha akili zake kilabuni na nyinyi mnanipa mimi zigo la kuzibeba!"

"Mama Janeth, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Alimwachia Mzee Yohana jogoo wake mapajani. Wazee wakahukumu kwamba Paskali amwombe radhi mkewe mbele yao, na kwamba mke naye aombe radhi kwa kuwapigia wazee kelele. Paskali aliomba upesi. Febronia aligeuka akaenda kufungasha.

Aliyempeleka barabarani ni Yeremia, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amekwisha kunywa tena na mara mbili nusura awatumbukize korongoni, yeye na Janeth na magodoro. Njia nzima alikuwa anasema, "Nisamehe, shemeji, ningekuwa mzima wangenisikiliza." Febronia alimkasirikia na yeye. Alimwambia hivyo. Kama angekuwa mzima, kweli wangemsikiliza, na hakuna aliyemkataza kuwa mzima.

Mjini walipanga chumba mtaa wa Mandewa. Febronia alipata kazi kwa Bi Hajira, mama mwenye mgahawa karibu na stendi, ya kunyonyoa na kukatakata kuku. Janeth alihamia shule ya pale pale. Bi Hajira hakuuliza mambo mengi. Siku alipoona kovu la mkono alisema tu, "Hapa kwangu atakayekufuata, atakuta maji ya moto jikoni," na wakaendelea na kazi.

Ilipita mvua ya kwanza, ikapita ya pili. Ndipo Mzee Alute alipokuja Mandewa na ujumbe, ameshika kofia mikononi, uso umejaa furaha. Paskali ameokoka. Ameacha pombe kabisa, haonji. Sasa ni yule mwenyewe, yule wa asubuhi, siku nzima.

"Ulichokuwa unaomba, mwanangu, Mungu amekupa," mzee akasema. "Njoo ujionee."

Na Febronia, pamoja na yote aliyoyajua, alikwenda. Baadaye alikuwa akilisema hili kwa uchungu kuliko mengine. Alitamani iwe kweli. Aliponyoosha kanga yake asubuhi ile, alinyoosha vizuri.

Alimkuta Paskali amenenepa, amenyoa, nyumba imefagiwa. Paskali alimtilia mkewe chai ya tangawizi kwa mkono wake. Akamweleza habari za kwaya. Kisha akainuka, akauchukua mkoba wa mkewe, akaanza kuuingiza chumbani.

"Acha hapo, Baba Janeth. Nimekuja kutazama. Sijaja kukaa."

"Utakaa."

"Sitakaa leo. Kwanza turudi kwa wazee, tuzungumze."

Alimpiga kofi. Kisha akamshika koo, akambana ukutani, na pumzi yake ilipomfika Febronia usoni ilikuwa inanuka tangawizi, tangawizi tupu. Macho yalikuwa meupe. Mkono ulikuwa umetulia, hautetemeki. Nje alipita mtu akabisha hodi, na Paskali akamwachia, akatoka, akamwitikia mgeni kwa sauti tamu, "Bwana asifiwe, karibu!"

Febronia alitokea mlango wa uani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Alute, mdomo unavuja damu.

"Shikamoo mzee. Mwiteni mumnuse."

Mzee alizeeka pale pale mbele yake. Kisha akasema, polepole, "Labda ni shetani, mwanangu. Mtu akiokoka, shetani humwandama sana."

"Jana ilikuwa pombe," Febronia akamjibu. "Leo ni shetani. Sasa Paskali mwenyewe atafanya lini?"

Febronia alipanda gari la kurudi mjini, akaenda polisi, dawati la jinsia, na damu yake kwenye kanga. Kesi ilifika mahakamani. Hakimu alipouliza kama mshtakiwa alikuwa amelewa, Paskali mwenyewe ndiye aliyejibu kwa haraka, kwa sababu alionea fahari wokovu wake, "Hapana, mheshimiwa, mimi sinywi." Alifungwa, kifungo si kirefu. Ukoo ulisema Febronia amemfunga mtu wa Mungu. Hata mama yake mzazi alikaa muda bila kumpigia simu. Hilo lilimuuma, na bado linamuuma, na yeye hajifanyi kwamba halimuumi.

Leo ana banda lingine la kuku nyuma ya nyumba aliyopanga, na bado yuko kwa Bi Hajira asubuhi. Ni mkali. Majirani wanamwambia hivyo usoni, na wauza pombe wa mtaani wanadhani anawachukia walevi wote. Yeremia akija mjini na asali yake, humpa chakula, humgombeza, humwambia akalale kwenye benchi.

Janeth amekuwa mkubwa, anajifunza ushonaji. Mwezi uliopita alimweleza mama yake habari za kijana mmoja, Godfrey, fundi wa pikipiki. Walikuwa wananyonyoa kuku, maji ya moto katikati yao.

"Mama, hanywi kabisa," Janeth akasema, akijua hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. "Hata bia."

Febronia aling'oa manyoya ya bawa zima kabla ya kujibu.

"Sijakuuliza anakunywa nini. Umeshawahi kumnyima kitu?"

Janeth akafikiri. "Bado."

"Basi mnyime. Kitu kidogo tu. Kisha uje uniambie."