Nyayo Zilizoingia Kwetu

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu usiku wake mbwa wetu hakubweka. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nasomea jinai, na Tarime nzima ilikuwa imepagawa kwa dhahabu. Wazee waliingia uani vichwa chini, kimya, wakifuata nyayo.

Desturi yetu unaijua: nyayo za ng'ombe wa wizi zikiishia bomani kwako, wewe ndiye wa kujibu. Siku hiyo hawakutafuta ng'ombe. Walimtafuta Marwa, aliyekuwa akichimba duara moja, shimo la dhahabu, na kaka yangu Mwita. Usiku hakurudi kwao. Lakini alama za katambuga zake za tairi, zenye kiraka kisigino cha kushoto, zilitoka machimboni zikaingia kwetu, na hazikutoka.

Mama yake Marwa alisimama langoni. "Nipeni hata mfupa," alisema.

"Binti msomi," mzee mmoja akaniuliza, "wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimekwisha kuziona katambuga zenyewe, mwanangu. Zilikuwa chini ya ghala, na Mwita amekaa kando yake, peku. Damu nzito kuliko maji; nikanyamaza.

Bibi yetu akanigeukia. "Bhoke, kumbe huko unasomea makosa ya watoto wa wenzako tu?"

Nikanyoosha kidole kwenye ghala. Mwita akaangua kilio. Duara lilikuwa limetitia na Marwa yumo ndani. Mwita alitoka mbio, na kwa kiwewe akavaa katambuga za mwenzake zilizoachwa nje; ndiyo maana mbwa hakubweka. Aliogopa kuitwa muuaji.

Tulikimbia wote. Mdomoni mwa duara tulizikuta katambuga za Mwita, zimekaa pamoja kama zinamsubiri mtu. Walipomfukua Marwa, alikuwa amekufa. Mama yake alimshika mkono, akatutazama mmoja mmoja.

"Bado ana joto," akasema.

Sauti ile naisikia hata leo hapa Mugumu, sebule ikiwa imejaa wajukuu.

Sasa nawe unakwenda kusomea jinai, nami nimefurahi kweli. Yaweza kukupeleka polisi, mahakamani, au humu Serengeti kuwafuatilia majangili. Mimi ilinipeleka magereza, kuwasikiliza wafungwa, na wengi walianza kama Mwita, kwa hofu tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usiishie kuuliza nani kakosa. Uliza anaogopa nini, na uulize mapema, hata nyayo zikiingia kwenu.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Na kila utakayemtafuta, umkute anapumua.