Bibi Aliyeulizia Kura ya Mbunge

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya mbunge wetu wa jimbo, huku ughaibuni, kwenye mtaa uitwao Jane na Finch. Mbele yangu walisimama bibi mmoja wa Kitanzania na mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi na sita, aliyekuja kumtafsiria.

"Muulize huyu karani, ule mswada wa dawa za uzazi wa mpango kutolewa bure, mbunge aliupigia kura gani?"

"Bibi, watu wanasikia!" binti alinong'ona.

"Na wasikie."

Karani alitazama kompyuta, akajibu kwa upole kwamba mbunge aliupinga.

Bibi akamshika mjukuu wake mkono. "Mwambie nilizaa tisa, nikazika wanne. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka mwingine. Wewe, mjukuu wangu, nataka uulizwe."

Binti alitafsiri, ila maneno ya mwisho akayaacha. Karani aliandika yote kwenye karatasi, akauliza kama kuna la zaidi.

"Lipo moja," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini hilo nimeambiwa mimi."

Sijui kama mbunge ataisoma karatasi ile. Zamu yangu ilipofika, mwenzenu nilikuwa nimesahau kabisa kilichonipeleka pale.