Pweza wa Mama

Juzi mdogo wangu Zuhura, mwenye mimba changa, alinipigia simu kutoka Sofu. "Dada, nataka pweza, leo hii." Nikacheka, kisha nikakumbuka safari moja nilipokuwa na miaka sita.

Tulikuwa tunarudi Kibaha kutoka Tanga, njia ya pwani. Mama alitapika tangu Pangani, hataki kula chochote. Tulipokaribia Bagamoyo akasema kwa sauti ya chini, "Baba Halima, nataka pweza." Baba akakata kona kuelekea sokoni.

 Nikamkumbuka bibi yangu wa Kisarawe: naye alikataa chakula, halafu akaomba samaki. Wakubwa wakakimbizana kumtafutia, akala, na kesho yake tukamzika.

Sokoni kulinuka mafuta ya moto na maji ya samaki. Baba alizunguka meza hadi meza akiambiwa pweza wameisha, nami nikimwomba Mungu wawe wameisha kweli. Akampata. Mama aliponyoosha mkono nikaung'ang'ania.

"Mama, usile!"

Wakacheka. Wao walishajua kuhusu Zuhura, kwamba yuko tumboni mwa Mama. Mimi nilikuwa sijui.

"Kula na wewe," Mama akasema, akanipa kipande.

Nilikitafuna huku nalia, ili tufe wote.