Kukiri Kabla ya Kuzaa

Mama yangu ni mkunga, kwa hiyo nimelelewa na mtu anayelala akiwa amekaa. Anasinzia na kijiko cha uji mdomoni. Ukimwamsha hasemi "nini?" kama watu wengine, anasema "sukuma!"

Zahanati yake iko nje ya Ngulyati: vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalia na mkunga mmoja, ambaye ni yeye. Zamani, anasema, vifaa vililetwa. Siku hizi za soko huria mjamzito anakuja na glovu zake, wembe wake na pamba yake kwenye mfuko wa rambo. Pamba! Mashamba meupe mpaka macho yanachoka, halafu leba hakuna pamba. Nilimuuliza mwalimu darasani sababu ni nini, nikapata fimbo mbili: moja ya swali, moja ya kicheko cha darasa.

Siku ninayoisema ilikuwa likizo ya Juni, nimempelekea Mama chakula cha mchana. Leba kulikuwa na mwanamke wa mimba ya kwanza, amenizidi miaka mitatu minne hivi, yuko kwenye uchungu tangu jana yake asubuhi. Nje, kwenye benchi, mama mkwe wake amekaa na mguu juu ya mguu. Mama akatoka anajifuta mikono.

"Mayu, mama yangu, mtoto amekaa vibaya. Mimi hapa nimefika mwisho. Aende Bariadi akapasuliwe."

"Hajakiri," akasema mama mkwe.

Huku kwetu uchungu ukizidi kuchelewa, wazee wanasema mwanamke amejifunga mwenyewe: ana kosa alilolificha, na mara nyingi ni mwanaume wa nje ambaye hajamtaja. Akimtaja, njia inafunguka. Asipomtaja, hata umpeleke wapi atakufa tu. Mume alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda mnadani, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la huyu bibi. Na gari lilikuwa moja tu, lori la kampuni iliyokuja kununua pamba. Dereva alikubali kuwabeba, lakini alikuwa anamalizia ugali wake. Akinawa, anaondoka.

"Mayu, nimezalisha wangapi? Njia haifungwi na mwanaume."

"Nesi, wewe umesoma. Mimi nimezaa tisa."

Mama akaanza upya kumbembeleza. Sauti yake ilikuwa imekwisha, kama redio ya betri zilizoanikwa juani mara tatu. Niliingia leba. Yule mwanamke akanikamata mkono.

"Dada," nikamwuliza, "una mwanaume wa nje?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye ninayeumwa. "Nina ekari nne za kupalilia. Huyo mwanaume nimpate saa ngapi?"

Nikatoka nje. Dereva nilimwona anaomba maji ya kunawa.

"Bibi, amekiri."

Mama akageuka. Bibi akashusha mguu. "Nani?"

Hapo nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri kwenye mtihani. Nikimtaja mtu wa hapa, jioni atakuwa amevunjwa mbavu. Zamani karani wa mizani ya pamba alikuwa wa ushirika, shemeji ya fulani, anajulikana mpaka kaburi la babu yake. Tangu kampuni binafsi ziruhusiwe, makarani wanakuja na lori na wanaondoka na lori. Hakuna anayejua kwao.

"Karani wa mizani," nikasema. "Yule wa msimu uliopita."

Bibi akahesabu miezi kwa vidole. Ikatimia. Akainuka, akachukua furushi. Tukampandisha mkwe wake juu ya pamba, Mama akapanda naye, akampakata kichwa. Lori lilipoondoka Mama alikuwa ananitazama. Mimi nilipunga mkono kama waziri.

Alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume. Wote wazima. Shuleni nilijitapa mpaka wenzangu wakaniita daktari.

Zikapita wiki mbili. Mama alikwenda Bariadi kufuata chanjo, akapita wodini, akamkuta bado yuko pale, anakula vya wagonjwa wenzake. Hakuna aliyekuja kumchukua. Nyumbani kwa mume walikuwa wamemtumia ujumbe: mtoto ampeleke kwa karani.

Mama alirudi, hakugomba. Afadhali angegomba. Jumapili, siku yake moja ya kupumzika, akasema, "Vaa viatu."

Tulitembea mpaka kwenye mji wa yule bibi. Bibi alikuwa anaanika mtama, mume anajaza baiskeli upepo.

"Sema," Mama akaniambia.

"Nilidanganya. Hakukiri. Yule karani nilimtunga mimi."

Bibi akacheka. "Huyu? Kata nzima inajua ni mwongo. Umemfundisha leo aje atudanganye?"

"Kumbe mnajua ni mwongo," Mama akasema taratibu, bila hata nguvu ya kushangilia. "Sasa siku ile mbona mlimwamini?"

Pampu ikanyamaza. Mume alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa, kwa mara ya kwanza sina utani. Akaingia ndani, akatoka na gunia, akalikunja na kulifunga kwenye keria vizuri, akijaribu kwa kiganja kama ni laini. Kisha akapanda akashika njia ya Bariadi. Bibi alituletea maji ya kunywa, basi.

Wakati wa kurudi Mama alivua viatu akavishika mkononi. Nilivumilia kidogo, nikashindwa.

"Lakini si alipona?"

"Alipona."

"Sasa ningefanyaje?"

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza kukiri kwa niaba ya mtu? Mimi huwa nasema ameiba michembe ya mama mkwe. Viazi vikavu tu. Mama mkwe anafoka, anasamehe, tunaondoka. Ukinisikiliza mimi, nusu ya wanawake wa huku ni wezi wa michembe."

"Siku ile mbona hukusema?"

Alihamishia viatu mkono wa pili.

"Nilichoka. Nilikuwa bado natafuta nguvu ya kuitaja michembe, wewe ukatoka na karani."