Bonane Bila Deni

Sipendi Bonane. Wanangu wameshanizoea: ikifika siku ya kwanza ya mwaka wao huvaa na kwenda kutembea kwa majirani, mimi hubaki jikoni nikisingizia mgongo. Mgongo wangu hauna neno. Ni sikukuu yenyewe ninayoichukia, na nina sababu.

Nilikulia Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Baba alikuwa mtu wa tanuru. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga tulipewa na kampuni, hata dawa ya minyoo ilitoka kwa kampuni. Lakini kuku na mchele wa Bonane, nguo mpya za watoto na bia ya wageni havikutoka huko. Hivyo vilitoka kwa bwana mmoja wa mtaa wa pili, karani wa mjini, mtu mpole mwenye sauti ya padri, aliyekukopesha moja ukamrudishia mbili. Mwaka ulipokaribia kwisha, watu walimwamkia yeye kwa heshima kuliko walivyomwamkia mkubwa wa kambi.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Baba aliipenda sana methali hiyo. Aliisema kila alipotoka kukopa.

Mwaka mmoja bibi mzaa mama, ambaye sisi tulimwita kambo, alikuja kutoka Mitwaba kula Bonane na sisi. Baba alikopa kama kawaida. Tulikula tukalala na mikono ya mafuta, na kambo alicheza ngoma uani mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Sikukuu ikapita, yeye akabaki, maana mzee akishafika mjini harudi kabla hajawaona ndugu wote. Ndiyo maana alikuwepo siku ya mshahara, mshahara ulipokosa kutosha, na yule bwana mpole akaja na vijana wawili kuchukua viti vyetu.

Kambo alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja, anabambua karanga. Vijana walibeba vile vingine, kisha wakasimama mlangoni wakitazama chini. Kilibaki kile kimoja. Kambo aliwatazama wao, akamtazama mama, akaelewa. Akainuka, akakipangusa kiti kwa pindo la kikwembe, kitenge chake, akawapa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe ile kuku nilikula ilikuwa ya ule muntu," alimwambia mama walipokwisha kuondoka. "Sitakula tena chakula ya deni mu hii nyumba, mwanangu. Siku mutakuwa na chakula yenu, muniite. Nitakuya."

Kesho yake alipanda lori akarudi Mitwaba.

Mama hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi. Alianza kukaanga vitumbua kabla ya mapambazuko na kuviuza kwenye lango la kiwanda wakati wa kubadilishana zamu. Mimi nilikuwa binti mkubwa, nikawa mtu wa kukoroga unga. Aliapa kwamba kambo atakula Bonane nyingine nyumbani kwetu, na chakula hicho hakitakuwa na deni hata la chumvi. Alimaanisha hivyo hasa. Mwenye duka akimsukumia chumvi na kumwambia, "Twala tu, utalipa kesho," mama aliirudisha ile chumvi juu ya meza. Tulikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi mara nyingi mwaka ule, na watoto wa jirani walituita wagonjwa wa hospitali.

Pesa, au makuta kama tulivyosema kambini, alizitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifukia chini ya mbabula, jiko letu la makaa. Shida ilikuwa baba. Baba hakuwa mwizi, ila alikuwa na masikio. Sarafu zikilia mahali, alikumbuka mahitaji: leo viatu, kesho rafiki amefiwa, keshokutwa amefiwa rafiki wa yule rafiki. Kwa hiyo mama alibadilisha sarafu kuwa noti ndogo, na noti ndogo kuwa noti kubwa, zile za tano na za kumi. Noti kubwa hazipigi kelele, hazijazi kopo. Kila alipopata noti nyingine ya kumi aliinyoosha juu ya paja lake, akaikunja na kuifunga katika plastiki, na nilimwona akitabasamu peke yake. Akiba haiozi, alikuwa akiniambia. Nilimwamini. Nilimpenda sana miezi ile, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Mvua zilipoanza alimpata dereva wa lori anayekwenda kaskazini, akamtuma kwa kambo. Ujumbe ulikuwa mfupi: kuya, mwaka huu hatuna deni ya muntu.

Mtaniuliza kwa nini hakununua vitu mapema. Kuku anayenunuliwa mapema kambini ni kuku wa mwizi, na mchele ukikaa ndani unaliwa na ndugu wanaopita. Mama alipanga kwenda sokoni baada tu ya Noeli.

Noeli miaka ile ilikuwa siku ya kazi. Chama tawala kilikuwa kimeiondoa katika sikukuu za nchi, na baba alikwenda kwenye tanuru lake kama siku yoyote. Jioni tulikuwa tumekaa, redio inasema Kifaransa, na baba anasikiliza huku anavua viatu. Akaacha kiatu kimoja mguuni. Redio ilisema noti za tano na za kumi zimeondolewa. Mwenye nazo azipeleke benki akapewe noti mpya, na siku alizopewa mtu zilikuwa chache.

"Banasema makuta mukubwa inaisha kufa," baba akatuelezea.

Mama aligeuka. "Makuta inakufaka?"

Akaenda jikoni, akasogeza mbabula yenye moto kwa mikono yake, akafukua. Baba, ambaye hakujua lolote kuhusu lile kopo, alisimama na kiatu chake kimoja akimtazama anavyozitoa. Nilidhani atagomba. Alisema tu, "Yote hii?" kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe.

Alfajiri baba alikuwa benki na zile noti. Alipata ruhusa ya siku moja, nyingine akaziiba. Mstari ulizunguka jengo zima, ukavuka barabara. Watu walinyeshewa, wakakauka, wakanyeshewa tena, na hakuna aliyetoka kwenda kujikinga kwa sababu nafasi yake ingeliwa. Wakubwa waliingia kwa mlango wa nyuma na mifuko. Mama alimpelekea chakula na kumkuta palepale alipomwacha. Kisha wakaambiwa noti mpya zimekwisha, warudi kesho, na kesho ikawa hivyohivyo, mpaka siku ya mwisho dirisha likafungwa mbele ya macho yake. Alirudi na ile plastiki ndani ya shati, haikufunguliwa hata mara moja. Nilimhurumia kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Lakini sijawasimulia yaliyotokea kambini asubuhi ile ya kwanza. Dawa ya deni ni kulipa, na kambi nzima iliamka kunywa dawa. Watu waliokuwa wakijificha nyuma ya choo wakimwona yule bwana wa mtaa wa pili, sasa walisukumana mlangoni kwake na noti kubwa mkononi. Naye alizipokea, kwa kuwa alikuwa na shemeji benki, kwenye upande ule wa mlango wa nyuma. Alipokea mpaka alipotosheka, kisha akafunga.

Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa na deni la miaka, alirudi kutoka huko anacheka. Alisimama kwenye ua na kumwambia mama, "Miye nimelipa yote, hakuna hata kidogo inabakia. Weye unalipa nani?"

"Miye sina deni ya muntu," mama akasema.

Yule mwanamke aliacha kucheka. "Ah. Pole, mama."

Na hakuwa anatania. Alimpa pole kama ya msiba, akaingia kwake. Mama alibaki pale uani na kopo lake tupu. Katika mtaa mzima yeye peke yake hakuwa na mtu wa kumlipa. Aliyesema akiba haiozi hakuishi Lubumbashi mwaka ule.

Dirisha la benki lilipokwisha kufungwa, alizipeleka sokoni pia. Muuza kuku aliusukuma mkono wake polepole, akamwambia, "Mama, ile ni karatasi." Noti ndogo bado zilikuwa hai, sarafu bado zilikuwa hai, lakini yeye alikuwa amezimaliza zote kwa kuzigeuza kubwa.

Katika hali hiyo kambo akafika. Siku zile zote alikuwa njiani, juu ya magunia ya mihogo, barabara imejaa matope, na habari za noti hazikumpata, au zilimpita kwa Kifaransa. Alikuwa amekonda. Alikohoa kabla ya kutusalimu. Tulimketisha juu ya kasha la bia lililogeuzwa, akatazama chumba kisicho na viti, akafurahi.

"Muzuri," alisema. "Heri kasha yako kuliko kiti ya muntu. Nimekuya kwa sababu ulisema, mwanangu. Hii barabara sitaipita tena mara ingine."

Jikoni baba alimnong'oneza mama kwamba ni afadhali tumwambie ukweli, tule bukari, ugali wetu wa kila siku, na sombe, mambo yaishe. Mama alikataa. "Atarudia na njaa," alisema. "Umemusikia. Hatakuya tena." Kisha akatugeukia sisi watoto, akatuambia atakayemweleza kambo habari za pesa atamjua yeye ni nani.

Mchana huo alinichukua tukaenda mtaa wa pili. Yule bwana alitupokea vizuri, akamvutia mama kiti. Kilikuwa kiti chetu. Nilikijua kwa alama ya pasi niliyokiunguza nayo nilipokuwa mdogo. Nilitaka mama asikikalie. Nilimwomba Mungu mama asikikalie. Mama alikitazama, akaketi.

Alisema anachotaka kwa maneno machache. Yule bwana hakumcheka, hakumkemea; ningependa kusema alikuwa shetani, lakini alikuwa na huruma usoni.

"Kama ingekuwa ni bwana yako, ningekatala," alisema. "Bote hapa beko na deni tena, na haijafika hata juma moja. Lakini weye, mama, mwaka muzima hauna deni ya muntu. Weye, najua utalipa."

Chumvi yote ile tuliyoirudisha dukani, na faida yake ikawa hiyo: mama aliaminika. Alipewa noti mpya. Zilikuwa safi, zimenyooka, na alizishika mbali kidogo na mwili wake mpaka sokoni.

Bonane ikafika. Kulikuwa na kuku wawili, mchele, na kikwembe kipya kwa kambo. Baba alikunywa chupa moja tu na kuinamisha kichwa. Sisi watoto tulikula kwa adabu ambayo haikuwa yetu. Wadogo zangu walitazama kila finyango kabla ya kuitia mdomoni. Mama hakula, alisema amekwisha kuonja jikoni. Kambo peke yake alikula. Alikula polepole, akivunja mifupa na kunyonya uboho, anakohoa, anacheka, anaendelea.

"Munasikia?" alituambia. "Chakula haina deni, inashuka yenyewe. Haina kukwama mu koo." Akamshika mama mkono. "Umenipa heshima, mwanangu. Nitawaambia bote kule."

Mama akamwongezea mchuzi.

Alipokwisha kunawa, kambo alifungua fundo kwenye pindo la kikwembe chake cha zamani. Lilikuwa fundo gumu, alilivuta kwa meno. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo sana, noti za tano, za mihogo aliyoiuza mwaka mzima. Sisi tulizijua kabla hajazinyoosha. Mdogo wangu alifungua mdomo, nikamfinya.

"Hizi ni zako," alimwambia mama. "Uziweke. Mwaka kesho zitakusaidia, usiende kukopa kwa ule muntu."

Baba akatoka nje. Mama alipiga magoti mbele ya lile kasha la bia, akazipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, mama," alisema. "Sitakopa."